Mbegu Zenye Pete

Zipora aliisugua mbegu ya mwisho kwenye jiwe la kunolea kisu, akaitazama, akasugua tena. Akizidisha angeua kiini. Akipunguza, maji yasingeingia. Na mbegu hiyo ikikataa kuota, mdogo wake Nasibu angefukuzwa kijijini kwa jina la wizi.

Ilikuwa mbegu ya kahawia, ngumu kama kokoto, na ubavuni ina pete ya njano. Pale kijijini, na Ushetu nzima kwa walivyojua wao, hakuna aliyewahi kuuona mti wake. Mzee Mwigulu aliletewa gunia la maganda yake yenye mbegu ndani na mwanawe kutoka mbali, apande kwenye malisho yake yaliyobaki vumbi tupu. Hakupata hata nafasi ya kujisifu. Jioni ile ile dume wake mwekundu, ng'ombe pekee aliyembakia baada ya ukame, alipasua gunia akala karibu yote. Usiku dume mwenyewe akaibwa zizini.

Mayala, mume wa Zipora, ndiye kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Ni yeye aliyesema kwamba alfajiri alimwona Nasibu barabarani na baiskeli, mbio mbio. Nasibu akasema alikuwa anawahi machimboni Geita. Lakini nani amwamini mchimbaji, mtu wa kuja na kuondoka? Zipora siku hizo alikuwa Nkome kwa dada yake. Aliporudi na dagaa wake alikuta maneno yameshaiva, na mumewe hataki hata kumsikia shemeji yake.

Ndipo alipokwenda kumpigia magoti mzee.

"Shikamoo, mzee. Nasibu hajaiba."

"Marahaba, Mama Limi. Kila mtu hajaiba, na dume hayupo."

 Mzee akafungua kitambaa chenye mbegu tano, zilizookotwa kwenye vumbi pale gunia lilipopasuliwa.

"Nioteshee hata mche mmoja tu. Mikono yangu inatetemeka, zingine zimenishinda. Ukinipa mche, siku ya baraza la kumhukumu nitasimama niseme nimesamehe. Mwenye mali akisamehe, nani atamfukuza?"

"Zinaoteshwaje, mzee?"

"Tatizo ni hilo ganda. Mwanangu anasema huko zinakotoka hawahangaiki, wanachukua zilizopita tumboni mwa ng'ombe. Zimelainika tayari. Lakini mbegu tano, umpe ng'ombe wa nani, na uzitafute wapi?"

Basi Zipora akahangaika. Ya kwanza aliimwagia maji ya moto, yakazidi, ikaiva kama harage. Ya pili aliiloweka maji ya baridi, na haikujali. Ya tatu aliifunga kwenye kitambaa kibichi, akaiweka karibu na mafiga ipate joto. Ikavimba vizuri, halafu ikaota ukungu kwa sababu aliizidishia maji. Ya nne aliikwangua kidogo, akailoweka, ikachipua kweli: majani mawili manene, na ganda lenye pete likiwa bado limeng'ang'ania kichwani. Zipora alimwita mumewe aje kuona. Kabla Mayala hajafika, kuku alikuwa ameshaidonoa.

"Achana na mbegu za watu," Mayala alimwambia. "Mwizi ni mwizi."

"Ni ndugu yangu, Baba Limi."

"Na mimi ni kamanda."

Hii ya tano aliikwangua mpaka weupe ukachungulia. Akailoweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ikavimba, akaifukia kwenye kopo lenye udongo wa kichanga, akalifunika na mfuko wa nailoni, akaliweka juu ya rafu ambako kuku hafiki. Kila akiamka alichungulia kopo kabla hata ya kunawa uso. Mvua za kwanza zikanyesha. Kopo kimya.

Asubuhi ya baraza alifukua kwa ukucha. Mbegu ilikuwa imeoza, inanuka. Zipora alilia palepale jikoni, kilio cha kubana mdomo ili Mayala, aliyekuwa anavaa koti lake, asisikie. Akilini alimwona Nasibu amebeba begi lake, hana kwao tena.

Alisubiri mumewe atangulie, akatoka nyuma ya jiko kwenda kumwaga ule udongo. Akasimama.

Chini, kwenye kifusi kilicholowa mvua, miche ilikuwa imejaa. Majani mawili mawili, manene. Mingine ilikuwa bado imevaa maganda kichwani, na kila ganda lina pete ya njano.

Zipora hakuuliza mbegu zimefikaje pale. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akachukua jembe, akaichimbua pamoja na udongo wake mpaka beseni likajaa, akakimbia.

Mbele ya ofisi ya kijiji watu walikuwa wameshakaa. Nasibu alikuwa chini, begi miguuni. Mayala alikuwa kwenye kiti cha kamanda, amesimama nusu, anakaribia kusoma hukumu.

"Ngojeni," alisema Zipora, akihema. Akaliweka beseni mapajani mwa mzee Mwigulu. "Mche wako, mzee. Sema ulichoniahidi."

Mzee akainama. Aliushika mche mmoja, akauvua ganda, akaiona ile pete. Uso wake ukachanua, na Nasibu akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Kisha mzee akatazama beseni lote, na tabasamu likaanza kupungua.

"Mama Limi. Nilikupa mbegu tano."

"Ndiyo, mzee."

"Hizi zote ulizipanda wapi?"

"Sikupanda mimi, ni Mungu tu," alisema Zipora, anafuta machozi ya furaha. "Zimeota zenyewe nyuma ya jiko, juu ya lile shimo alilochimba Baba Limi akalifukia nilipokuwa Nkome."

Mzee Mwigulu akaliweka beseni chini, taratibu, akamgeukia kamanda.