Chupa ya Seremala

Mfamasia aliibandua lebo kwa ukucha, polepole isije ikachanika, akaibandika kwenye chupa ya pili. Ya pili akaihamishia kwenye ya kwanza. Wenzake walikuwa wametoka kwenda kula. Vidonge vilikuwa vyeupe vyote, ukubwa mmoja, uchungu mmoja, na siri ya mtungi aijuaye kata: katika jengo lile ni yeye peke yake aliyejua ipi ni chupa ya dawa na ipi ya unga ulioshindiliwa.

Ndivyo utafiti ulivyotaka. Wagonjwa wenye mapafu yanayokakamaa waligawanywa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja lipewe dawa mpya, jingine vidonge vya unga, na asijue mtu nani kapata nini, si mgonjwa wala daktari, mpaka mwisho. Hapo tu ndipo dawa ingejulikana kama ni dawa kweli. Daktari mkuu alikuwa ameshaapa mbele ya wote kwamba matokeo atayaweka mtandaoni yasomwe bure na yeyote duniani, yawe asali au yawe shubiri.

Jambo moja mfamasia hakumwambia mtu pale kazini. Miongoni mwa wagonjwa wale alikuwamo dada yake, wa tumbo moja, aliyeacha shule na kushona nguo za watu ili yeye asome. Kura haina adabu, ilimpa dada unga. Mfamasia aliona jina lile kwenye fungu la unga na usingizi ukampaa. Damu ni nzito kuliko maji, alijiambia, na kanuni ni karatasi tu.

Dawa aliyompa dada ilikuwa ya seremala mmoja, mtu wa vumbi la mbao na mzaha usiokwisha.

"Shikamoo, mzee," alimsalimu siku alipomkabidhi chupa yake.

"Marahaba, mwanangu. Nikipona nitakutengenezea kabati, bure kabisa. Nisipopona, si neno, mbao za jeneza ninazo."

Mfamasia alicheka kwa meno tu. Kupitia dirishani alimwona mzee akishuka ngazi, akisimama katikati kushika kifua, chupa ikimtuna mfukoni. Alijiona mwizi, na mwizi ndiye aliyekuwa. Tangu siku ile kila seremala alipokuja, yeye hakuweza kumtazama usoni. Mzee naye, maskini, alidhani binti ana haya, akazidi kumtania.

Nyumbani alijipa moyo. Kikohozi cha dada kilikuwa kimepungua, kweli kabisa, hata majirani waliliona hilo. Tatizo lilikuwa chakula. Dada alikisogeza kando, sahani baada ya sahani, akajikuna mikono.

"Hakipiti, mdogo wangu. Na ngozi inaniwasha utadhani nimelalia upupu."

"Dawa kali hiyo, dada. Vumilia kidogo."

"Dawa?" Dada alimtazama. "Si ulisema hakuna anayejua nani kapata dawa na nani kapata unga?"

Mfamasia akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kisha asubuhi moja wakaitwa wote kwenye chumba cha mikutano. Daktari mkuu hakuketi. Alisema kamati inayochungulia takwimu kwa siri imeamua utafiti usimamishwe leo, kabla ya muda wake.

"Tofauti kati ya mafungu mawili ni kubwa mno," alisema. "Kuendelea kuwaacha watu hivi ni dhambi. Nitawaeleza zaidi nikishamaliza kupiga simu."

Mfamasia nusura apige kigelegele. Dada atapona. Halafu akamwona seremala kupitia mlango wa kioo, amekaa kwenye benchi na kofia yake magotini, anavuta pumzi kwa mabega, na ile furaha ikamtoka. Mzee wa watu alikuwa amekunywa unga akidhani ni tiba, na kila siku iliyopita ilikuwa siku aliyoibiwa. Wakimfukuza kazi, wamfukuze. Wakimfunga, wamfunge. Leo hii mzee atapata dawa yake.

Aliingia ofisini kwa daktari mkuu bila kubisha hodi. Mama yule alikuwa na simu sikioni, uso umemsawijika kwa kukosa usingizi.

"Daktari, nimemdhulumu mtu," mfamasia alisema, na machozi yakaanza kabla ya maneno. "Yule seremala aliyeko hapo nje. Kura ilimpa dawa. Mimi nilibadilisha chupa, nikampa mtu mwingine. Tangu siku ya kwanza mzee yule anakunywa unga. Nakuomba umpe haki yake leo, mimi unifanye utakavyo."

Daktari mkuu aliiteremsha simu. Mfamasia alingoja kelele, hazikuja. Mama yule alizunguka meza, akafunga mlango, akamshika mabega kwa mikono yote miwili.

"Kumbe ndiyo maana," alisema taratibu. "Katika fungu lote la dawa hakuna aliyebaki na ini zima ila seremala, na watatu kati yao wameshazikwa makwao, nimejua usiku huu. Huyo mtu mwingine uliyempa ni nani, na yuko wapi sasa hivi?"