Ngiri na Kisima cha Kaunti

Wanyama walipogawana madaraka, Simba alichukua ulinzi wa mbuga nzima, na magavana wa kaunti wakaachiwa visima. Ngiri, aliyechaguliwa gavana, alishangilia kuliko wote.

Kiangazi kilipoingia, kisima kikaziba kwa matope. Vifaranga wa Bi Kanga wakaanza kulegea shingo kwa kiu. Mama wa watu akaenda kwa Ngiri, akamkuta amejilaza mlangoni pa shimo lake, tumbo juu.

"Mheshimiwa, kisima kimeziba. Wanangu watanifia."

"Pole sana, mama. Lakini visima ni kazi ya Simba. Mimi nitaingiliaje kazi ya mkubwa?"

"Kumbe! Basi ngoja nimwite mwenyewe."

Bi Kanga akapanda juu ya kichuguu. Sauti yake, kila mtu anaijua, huvuka bonde na kurudi.

"Simbaaa! Njoo uzibue kisima! Gavana anakukaribisha ulale kwake mpaka kazi iishe!"

Ngiri aliruka kama aliyekalia siafu.

"Nyamaza, mama! Kisima ni cha kaunti! Ni kazi yangu mimi, tangu mwanzo!"

Akatimua mbio, mkia umesimama wima, akapiga magoti kisimani na kuchimba kwa pua na meno hadi maji yakabubujika. Vifaranga wakanywa wakipita katikati ya miguu yake.

Bi Kanga akampangusa tope usoni kwa bawa.

"Umependeza, baba. Hatujakuona umepiga magoti tangu ulipokuja kutuomba kura."