Damu Nambari Saba

"Nambari saba anadanganya," alisema Ragnvald, akaijaza tena glasi yake maji.

Ebba alikuwa fundi wa maabara hiyo ya mjini Lund kwa miaka kumi na miwili, na hakuwahi kuona kichupa cha damu kikidanganya. Watu ndiyo, kila siku. Mashine aliyoibuni Ragnvald ilipitisha sukari ya damu kwenye utando mwembamba, kisha ikaipima upande wa pili. Kwa nambari saba ilisoma sita, sukari ya mtu mwenye afya kabisa. Kipimo cha hospitali kilisoma kumi na tisa.

"Damu hii nzito mno," Ebba alisema. "Sukari inachelewa kupenya. Huyu mtu anaumwa, Ragnvald, na hajui."

"Utando wangu haujali nzito wala nyepesi!" Mashine hiyo alikuwa ameilea kwa miaka tisa, kwa mapenzi ambayo wanawe hawakuyaonja, na saa nane wakaguzi wangekuja kuiona. "Hospitali wamekosea. Kwani lini wamepatia?"

Simu yake ikawika kama jogoo, mlio uliochukiwa na jengo zima. Akaikata.

"Mke wangu. Eti nikapimwe macho! Taa za humu ndizo mbovu." Akamega andazi la mdalasini, la tatu asubuhi hiyo.

Damu za majaribio zilitolewa na wafanyakazi wenyewe, wakubwa kwa wadogo. Nesi alibandika nambari asizomwambia mtu, na namba za simu za waliotoa, bila majina, zikafungiwa kwenye bahasha.

"Tuifungue," Ebba alisema. "Inaruhusiwa, mtu akiwa hatarini."

"Fungua! Atakuwa Holger wa stoo, na lile tumbo lake. Mpigie, mwambie mashine bora kuliko zote Ulaya imesema ni mzima, aendelee kula. Halafu kimwage hicho kichupa kabla wageni hawajafika."

"Nimwambie ni mzima? Kweli?"

"Tena mbele yangu, bibie. Nataka nisikie anavyoshukuru."

Ebba alichana bahasha, akatafuta mstari wa saba, akabonyeza namba moja moja kwenye simu ya mezani.

Ragnvald alikunja mikono kifuani, akasubiri shukrani zake.

Mfukoni mwake, jogoo akawika.