Daraja la Mwisho

"Chakavu," alitamka mwamuzi wa maonyesho ya sarafu mjini Ballarat, akiishika peni ya Merle kwenye ukingo tu, glavu mkononi. Hilo ndilo daraja la mwisho kabisa la ubora wa sarafu. Kangaruu aliyechongwa juu yake alikuwa amefutika, umebaki mgongo.

"Pole, bibie," jirani wa meza alimcheka. "Yangu haijaguswa tangu itoke kiwandani."

"Maskini wee!" Merle akamjibu. "Hata mtu wa kuipenda haikupata?"

Mama yake Merle aliiweka peni ile mfukoni mwa aproni miaka yote ya ujane, akiisugua kwa dole gumba kila alipoelemewa.

Merle akaandika CHAKAVU kwenye kadi ya maonyesho ya peni yake, kwa herufi kubwa. Kisha, mbele ya ukumbi mzima, akavua glavu zake na kuweka dole gumba lake juu ya kangaruu, kwenye kibonyeo alichokiacha mama.

Likaenea sawasawa.