Sura ya Mbwana

Sheria ilisema sura iliyochorwa kwenye kijisanamu cha plastiki cha marehemu ikifutika, matanga yanaanuliwa na jina lake halitajwi tena. Ndiyo maana Mwanakombo alimfunga mumewe, Mbwana, ndani ya mfuko wa nailoni, akamweka kabatini, mbali na jua.

Wifi yake Zamda alipokuja kumtazama kaka yake, walimkuta ananata, plastiki imetoa mafuta.

"Wifi, umemfungia mpaka anatoka jasho!" Zamda alicheka. "Hata plastiki inataka hewa, mwaya."

Mwanakombo akampangusa taratibu kwa ncha ya kanga. Macho na mdomo vikabaki kwenye kanga.

"Masikini, Mbwa..." Zamda alijiziba mdomo, akatazama mlangoni.

Mwanakombo akaingia jikoni, akafungua bomba mpaka mwisho, ndipo akaita, "Mbwana."