Mwanamke wa Ukutani

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa studio, mke wa mpiga picha alimfuta vumbi yule mwanamke. Alianza na paji la uso, akashuka hadi kwenye gauni la manjano, na siku nyingine alitamani kitambaa kile kingekuwa msasa.

Dada yake alipopita kumjulia hali, alicheka tu.

"Mke mwenzio hajambo?"

"Hajambo. Hazeeki, hanuni, haombi nauli."

Picha ilikuwa kubwa kama mlango. Mwanamke amekaa juu ya ngazi ya chuma, miguu mitupu, kichwa amekirudisha nyuma, anacheka kama mtu ambaye dunia haijamfanya lolote. Watu waliokuja kupigwa picha za pasipoti walisahau kilichowaleta. Naye mumewe hakuchoka kuwaambia, "Huyu ndiye aliyenifanya nishike kamera kwa dhati. Tangu yeye, sijapata mwingine wa kunitia moto vile."

Aliyasema hayo mkewe akiwa papo hapo, anakunja pazia la nyuma au anapanga taa. Aliwahi kumwomba aishushe.

"Niishushe?" mume aling'aka. "Picha hiyo ndiyo jina langu mjini." Maneno yakaishia hapo.

Siku moja aliingia mbunifu wa mavazi, msichana mwenye miwani mikubwa na vidole vilivyochomwachomwa na sindano. Hakuja kupigwa picha. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akasimama.

"Shikamoo, mzee. Nimeiona picha hii kwenye jarida la sanaa, na tangu hapo sina usingizi. Nguo zangu zote za msimu huu zimetoka humu. Rangi, mikunjo, hata viatu sivitaki tena. Nimekuja kuomba ruhusa yako."

"Marahaba. Umeipata!" Mpiga picha alinyooka kama aliyevishwa nishani. "Mama watoto, tuletee chai!"

Mke aliinjika birika kwenye kichumba cha nyuma, masikio yote yakiwa huku mbele.

"Mgongoni gauni lilikatwaje?" msichana aliuliza. "Picha haionyeshi."

"Halikukatwa," mke alisema, akitokea na sinia. "Lilikuwa la kuazima, kubwa mno. Lilibanwa kwa pini."

"Ee! Mama, umejuaje?"

"Nimeshamsimulia mara chungu nzima," mume akadakia.

Msichana aliinama akachora pini kwenye simu yake. "Basi limebaki moja. Siku ya maonyesho, atakayepita wa mwisho jukwaani nataka awe yeye mwenyewe, ukumbi mzima usimame umshangilie. Hata kama uzee umemwingia. Tena hapo ndipo nitakapomtaka zaidi. Nitampata wapi?"

Mke alisimama na sinia mikononi, akamtazama mumewe. Hakuwahi kulisubiri neno la kinywa chake kiasi kile.

Mpiga picha aliitazama kanga iliyochujuka, nyayo zilizopasuka, nywele zilizofungwa kwa haraka. Akayahamishia macho ukutani, na sauti yake ikalainika.

"Umechelewa, binti yangu. Alishafariki."

"Jamani! Pole sana, mzee." Msichana akavua miwani. "Alifariki lini?"

Aliyejibu ni mkewe, huku akimmiminia mgeni chai bila kumwaga hata tone.

"Nilipomzaa mtoto wa tatu."

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, msichana alimtazama usoni. Akageukia ukutani, kisha akamtazama tena.