Shada la Bhanwar

Lilibaki shada moja la vidonge vya mavi ya ng'ombe, nalo halikuwa la kuuza. Nilimtengenezea kaka yangu Bhanwar. Kila kidonge kilikuwa na tundu la kidole changu, nilipokitoboa kingali kibichi.

"Dada, niuzie hilo," akasema mteja. "Moto wa sikukuu ya Holi unawashwa jioni hii, na sijamzungushia kaka yangu shada kichwani. Unataka kijicho cha watu kimmalize?"

"Hili lina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

Nikalivuta shada kwangu. Tangu tulipogombania ng'ombe wa marehemu mama, Bhanwar hakukanyaga kwangu. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Mashada ya miaka miwili iliyopita niliyatupa motoni bila kuyazungusha juu ya kichwa chochote.

"Mwenzangu, huyo haji."

Hasira zikanipanda. "Chukua!"

Moshi wa Holi ulikuwa umeshaanza kupaa niliposikia kengele nyuma yangu. Bhanwar alikuwa amemshika kamba ng'ombe wa mama. Akavua kilemba, akainama mbele yangu.

"Haya, dada, zungusha. Kichwa kigumu, lakini ndicho nilicho nacho."

Nikainua mikono. Ilikuwa mitupu, na harufu ya shada tu.